Spektra za nyota: programu rahisi si ile yenye vitufe vichache

Haya, leo nina ugomvi.

Mtu akitaka kuanza kusoma mwanga wa nyota, ajue nyota zimeundwa kwa nini, swali lake la kwanza ni vifaa na la pili ni programu gani ya bure aanze nayo. Jibu analopewa halibadiliki: tafuta iliyo rahisi. Na rahisi, kwa wanaojibu hivyo, ni ile yenye kitufe kimoja kikubwa. Picha inaingia upande huu, grafu inatoka upande ule, majina ya elementi yameshabandikwa juu yake, kazi kwisha, pigeni makofi.

Mimi napinga. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo vitufe ndivyo vinavyonilisha, na najua vizuri kitufe hufanya nini: huficha maamuzi. Katika programu ya mshahara ni sawa kuyaficha. Kwa mtu anayejifunza sayansi, hayo maamuzi yaliyofichwa ndiyo somo lenyewe. Ukimfichia, umempa picha ya kutundika ukutani na hukumfundisha kitu.

Kwanza, kazi yenyewe

Kwa wasiojua, ni hivi. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo chenye mistari midogo sana iliyobanana, hupasuka kama upinde wa mvua. Kioo hicho ndicho gretingi. Ndani ya upinde huo kuna mistari ya giza. Joseph von Fraunhofer aliichora ile ya Jua mwaka 1814. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Heli ilionekana katika mwanga wa Jua mwaka 1868, kabla ya mtu yeyote kuishika duniani.

Zamani hii ilikuwa kazi ya vyuo. Siku hizi kuna kifaa kinachoitwa Star Analyser 100, gretingi ya mistari 100 kwa kila milimita, ndogo kama kichujio cha kawaida cha darubini, unaifungia mbele ya kamera. Hata bila darubini unaweza kuiweka mbele ya lenzi ya kamera ya kawaida, ukaisimamisha kwenye miguu mitatu na kuielekeza kwa nyota inayong'aa.

Na programu inafanya nini? Mambo matano tu. Inanyoosha picha ili upinde ulale sawa. Inatoa mwanga wa anga la nyuma. Inageuza picha kuwa grafu kwa kujumlisha kila safu wima ya pikseli. Inabadilisha pikseli kuwa urefu wa mawimbi. Mwisho inarekebisha upendeleo wa kamera, kwa sababu kamera haioni bluu na nyekundu kwa nguvu sawa. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Uongo wa kitufe kimoja

Sasa hebu tuangalie hatua ya nne, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Chukua kamera yenye pikseli za mikromita 4, na gretingi iliyo milimita 40 mbele ya sensa. Mistari 100 kwa milimita maana yake nafasi ya mstari mmoja hadi mwingine ni mikromita 10, yaani nanometa 10,000. Zidisha 10,000 kwa ukubwa wa pikseli, ugawe kwa umbali, vyote viwili katika milimita: 10,000 × 0.004 ÷ 40 = 1. Kila pikseli moja ni nanometa moja. Hesabu ya darasa la nane.

Piga picha ya Sirius. Nyota yenyewe itaonekana kama nukta, na upinde wake kando. Sirius ina mistari mizito ya haidrojeni, kwa hivyo ukihesabu kutoka kwenye nukta utakuta mabonde kwenye pikseli 410, 434, 486 na 656 hivi. Hiyo ndiyo familia ya haidrojeni: nanometa 410.2, 434.0, 486.1 na 656.3. Kisha pikseli ya 760 utakuta shimo jingine ambalo si la Sirius kabisa. Hilo ni oksijeni ya hewa yetu wenyewe.

Sasa tuseme programu, au wewe kwa haraka, imechukua bonde la pikseli 434 na kuliita 486.1. Kosa la jirani kwa jirani, rahisi kulifanya. Kipimo kinakuwa nanometa 1.12 kwa pikseli. Grafu bado inapendeza! Mistari yake imenyooka, rangi za upinde ziko chini yake, jina la haidrojeni limeandikwa kwa herufi nzuri. Lakini sasa bonde la 486 limesogea hadi 544, mahali ambapo haidrojeni haina mstari, na oksijeni ya hewa yetu imefika 851. Uongo mtupu, na umevaa suti.

Aliyefanya hesabu kwa mkono anaushika uongo huu kwa dakika moja, kwa sababu anajua mistari minne lazima ikubaliane na oksijeni lazima ikae 760. Aliyebonyeza kitufe ataishika vipi? Hajui hata kwamba kulikuwa na uamuzi.

Kuna tatizo la pili: nambari zenye desimali. Mtu anachora mstari juu ya grafu, programu inamtolea mwendo wa nyota katika kilomita kwa sekunde, na desimali mbili juu. Anafurahi. Hebu tupime. Kwa kipimo cha nanometa moja kwa pikseli, kusogea pikseli moja kwenye 656.3 ni sawa na mwendo wa kilomita 457 kwa sekunde. Sirius inatukaribia kwa takriban kilomita 5.5 kwa sekunde. Yaani unatakiwa uone sehemu moja ya themanini ya pikseli, kwa kifaa ambacho kinatandaza mstari mmoja juu ya pikseli kadhaa. Haiwezekani. Programu nzuri kwa anayeanza ni ile inayomwacha aone kwamba haiwezekani.

Bure ziko za aina tatu

Neno bure linatuchanganya sana, kwa hivyo tulipasue.

Aina ya kwanza ni bure ya kuonja. RSpec ya Tom Field ni mfano. Ni programu nzuri, ina mafunzo mazuri ya video, na imewaingiza watu wengi katika kazi hii. Lakini ni ya kuuza, inaendesha kwenye Windows, na ile ya majaribio inadumu siku 30. Sina ubaya na mtu kuuza jasho lake. Mimi pia nauza langu. Ninachokataa ni kumwambia mwanafunzi kwamba hiyo ni bure. Siku 30 zenye mvua na mawingu ni usiku mingapi ya kazi? Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Aina ya pili ni bure ya zawadi. Hapa kuna watu wa kuheshimiwa. Visual Spec ya Valérie Desnoux, ISIS ya Christian Buil, na BASS Project ya John Paraskeva: zote unapakua bila kulipa hata senti. Hawa wametoa miaka yao kwa watu wasiowajua, na spektra nyingi sana za wapenzi wa nyota duniani zimepita mikononi mwa programu hizi. Lakini zote tatu zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na msimbo wake haujawekwa wazi kwa kila mtu kuurekebisha. Aliyekupa zawadi akichoka, nawe umechoka.

Aina ya tatu ni bure ya uhuru, yaani programu huria. Msimbo uko wazi, leseni inakuruhusu kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Hapa kuna ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, NIH, ambayo ni mali ya umma kabisa. Kuna Siril ya kuandaa picha za anga. Kuna LibreOffice. Na kwa wanaojua kuandika msimbo, kuna Python pamoja na Astropy na specutils.

Wenzangu wa programu huria msishangilie mapema. Huria peke yake haitoshi. Kumpa anayeanza specutils siku ya kwanza ni kama kumpa mtu sanduku la spana na kumwambia hilo ni gari. Uhuru ni sharti moja kati ya masharti manne.

Maswali manne ya kuuliza

La kwanza: inaendesha kwenye mashine uliyo nayo? Si mashine ya mtu wa video, ni yako. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo tarakilishi nyingi za mitumba tunazonunua hapa hazina. Ukimwambia kijana wa Nakuru aanze na programu ya Windows peke yake, mara nyingi unamwambia mambo mawili: nunua mashine nyingine, au tumia Windows ya wizi. Semeni wazi basi. Mashine hiyo hiyo ya mitumba ukiitia Linux inafanya kazi miaka mingine. Ndiyo, kuna Wine ya kuendesha programu za Windows juu ya Linux. Zingine hukubali, zingine hugoma, na anayeanza hana muda wa kubembeleza.

La pili: inakuonyesha kila hatua? Ukipewa grafu, je, unaweza kurudi nyuma uone ni safu gani za picha zilizojumlishwa, anga la nyuma lilitolewa wapi, na nambari gani ilitumika kugeuza pikseli? Kama huwezi, hiyo grafu si yako.

La tatu: kazi yako inatoka nje yake? Programu iweze kukutolea faili ya maandishi matupu, safu mbili, urefu wa mawimbi na nguvu ya mwanga, au FITS, muundo ambao wanajimu wameutumia tangu 1981. Ndani ya FITS ya spektra kuna maneno mawili, CRVAL1 na CDELT1: la kwanza ni urefu wa wimbi pale inapoanza, la pili ni hatua ya kila pikseli. Mtu yeyote, miaka thelathini ijayo, ataifungua akaelewa. Faili ambayo inafunguliwa na programu moja tu ni jela, hata kama mlango umepakwa rangi nzuri.

La nne: aliyeiandika akiacha leo, kesho utafanya nini?

Mimi nasema aanze hivi

Nimelalamika vya kutosha, sasa nitoe langu. Anayeanza achukue ImageJ na LibreOffice Calc. Naam, jedwali la hesabu! Hilo hilo la kuandikia madeni ya chama.

Piga picha kwa RAW, usitumie JPEG, maana JPEG imeshachezea viwango vya mwanga ili picha ipendeze machoni. Siril itafungua RAW na kuihifadhi kama FITS au TIFF. Ikiwa kamera ni ya rangi, tenganisha chaneli tatu na ufanye kila moja peke yake, kisha utazijumlisha kwenye jedwali.

Fungua picha kwenye ImageJ. Izungushe hadi upinde ulale sawa. Chora mstatili mwembamba unaofunika nyota na upinde wake wote, kisha omba ikuchoree profaili: itakupa wastani wa kila safu wima. Hifadhi nambari hizo. Sogeza mstatili ule ule juu kidogo, mahali penye anga tupu, uchukue profaili ya pili. Zote mbili ziingize Calc na utoe ya pili kutoka kwa ya kwanza. Tayari umemaliza hatua tatu, na hakuna hata moja iliyofanyika gizani.

Hatua ya nne: andika pikseli za mabonde manne ya Sirius kwenye safu moja, na nanometa zake kwenye safu ya pili. Vitenda viwili vya Calc, SLOPE na INTERCEPT, vitakupa kipimo na mahali pa kuanzia. Angalia kama shimo la oksijeni linatua karibu na 760. Likitua, sherehekea. Lisipotua, rudi uangalie bonde gani umeliita jina la jirani.

Hatua ya tano inaweza kungoja wiki mbili. Ikifika, pakua spektra ya nyota ya aina ile ile kutoka kwa maktaba ya Pickles ya 1998, gawanya yako kwa yake, laini mkunjo unaobaki, na huo ndio upendeleo wa kamera yako. Utautumia kwa nyota nyingine zote za usiku huo.

Fanya hivyo kwa nyota tano. Sirius, Vega, Canopus ambayo mabaharia wetu wa pwani waliita Suheli, Betelgeuse uone mabonde mapana ya oksidi ya titani, na moja ya kuchagua mwenyewe. Baada ya hapo ruhusa imetolewa: kama una Windows, pakua BASS au ISIS ufanye kwa dakika tano kilichokuchukua jioni nzima. Kama una Linux na unapenda kuandika msimbo, hamia Python. Wakati huo kitufe kimekuwa mtumishi wako, kwa sababu unajua alichotumwa na unaweza kumkagua akirudi.

Najua mtasema nini

Mtasema wanafunzi wataogopa hesabu. Hesabu gani? Kutoa, kujumlisha na kugawanya? Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye anachora grafu ya y dhidi ya x kwa penseli anashindwa na nini hapa? Anayeogopa ni mwalimu asiyetaka kuulizwa swali.

Mtasema mtu anataka furaha ya haraka, akichelewa ataacha. Hoja hii naiheshimu. Lakini furaha ya kuona upinde wa Sirius kwenye kioo cha kamera haihitaji programu yoyote. Iko pale pale, sekunde ya kwanza. Programu inaingia pale mtu anapotaka kusema jambo kuhusu upinde huo. Na kusema jambo kuna wajibu wake.

Mtasema menyu za ImageJ ni za Kiingereza. Kweli, na za wengine ni hivyo hivyo au Kifaransa. Tofauti ni kwamba iliyo huria tunaweza kuitafsiri bila kupiga magoti kwa mtu. Tumeshawahi kufanya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. Walioifanya walikuwa majirani zetu.

Kwa nini nakereka hivi

Kwa sababu tuna anga ambalo wengine wanaliota.

Gamma Cassiopeiae, nyota ambayo Padri Angelo Secchi aliona mistari yake inang'aa badala ya kuwa giza, mwaka 1866 huko Roma, inapanda hadi digrii 28 hivi juu ya upeo wa Nairobi. Upande wa pili tuna Gamma Velorum, nyota ya Wolf-Rayet inayong'aa kuliko zote, yenye mistari ya kaboni inayoruka kama miiba hata kwa gretingi ndogo. Tuna Eta Carinae. Tuna Achernar. Hizi tatu hazichomozi kamwe Paris wala London. Sisi tulio kwenye Ikweta tunaziona za kaskazini na za kusini, na tuna usiku wa saa kumi na mbili mwaka mzima.

Nyota kama Achernar na Gamma Cassiopeiae hubadilika. Hutupa gesi, hutulia, huanza tena, na hakuna darubini kubwa yenye nafasi ya kuzikodolea macho kila wiki. Ndiyo maana hazina ya BeSS ya Observatoire de Paris hupokea spektra za nyota za aina hii kutoka kwa wapenzi wa nyota, na AAVSO ya Marekani ina hazina yake. Wote hao wanataka vifaa bora kuliko gretingi ya kichujio, lakini wanataka pia kitu ambacho hakinunuliwi dukani: mtu anayejua kila nambari ndani ya faili yake imetoka wapi.

Huyo mtu hatengenezwi na kitufe. Anatengenezwa na jioni tano za jedwali na mabonde manne ya haidrojeni. Kwa hivyo kijana akikuuliza aanze na programu gani ya bure, usimpe jina la programu kwanza. Muulize ana mashine gani, kisha mwambie apige picha ya Sirius na akuletee nambari nne. Akizileta, mengine yote atajifunza mwenyewe.